Kisafishaji cha diski kinapogoma, kudanganya nafasi au kuvunja mradi: mwongozo kamili kwa wasanidi programu

Programu ya kusafisha diski imemaliza kazi na kuandika kwamba imeondoa GB 30. Unaangalia diski, nafasi ni ileile. Au imegoma kufuta kabisa. Au imefuta vizuri, lakini kesho yake mradi haujengeki, na bando la wiki linaishia kupakua upya vitu ulivyokuwa navyo jana. Hayo matatu ndiyo matatizo makubwa ya visafishaji kwenye mashine ya msanidi programu, na kila moja lina chanzo kinachoweza kupatikana kwa amri chache za terminali. Mwongozo huu ni wa Mac, Ubuntu na Windows.

Kabla ya hatua yoyote, kuna mgawanyo mmoja ambao visafishaji vingi havikuonyeshi. Vitu vinavyojaza diski ya msanidi ni vya aina mbili: vilivyojengwa na vilivyopakuliwa. `node_modules`, `target` ya Rust, `build` ya Gradle na `DerivedData` ya Xcode vimejengwa hapohapo kwenye kompyuta. Ukivifuta vinarudi kwa muda na umeme, mradi kashe zilizopakuliwa bado zipo. Lakini `~/.npm`, `~/.gradle/caches/modules-2`, `~/.cargo/registry`, imeji za Docker, simuleta za iOS na imeji za emuleta ya Android vimetoka kwenye intaneti, na vitarudi kwa intaneti. Kisafishaji huviweka vyote pamoja chini ya jina moja la kashe (hifadhi ya muda) na kukupa kitufe kimoja. Kwa mwenye faiba ofisini si neno. Kwa anayefanya kazi kwa hotspoti ya simu, kitufe hicho ni pesa. Kwa hiyo ninasisitiza: futa kilichojengwa bila woga, na kilichopakuliwa kiache mpaka uwe na sababu.

Hatua ya 1: Pima mwenyewe kabla ya kubonyeza chochote

Namba inayoonyeshwa na kisafishaji ni makadirio yake. Unahitaji namba ya mfumo wenyewe, kabla na baada. Fungua terminali (amri hizi ni za Mac na Ubuntu):

```
df -h /
du -xhd 1 ~ | sort -h
```

Amri ya kwanza inakupa nafasi iliyobaki, iandike pembeni. Kwenye Mac usishangae ukiona safu ya "Used" inaonyesha GB chache tu: tangu macOS Catalina ya 2019, mfumo uko kwenye volyumu (sehemu ya diski) yake na data zako ziko kwenye nyingine. Tazama safu ya "Avail", kwa sababu volyumu hizo zinagawana nafasi moja.

Amri ya pili inapanga folda za nyumbani kwako kutoka ndogo hadi kubwa, zikiwemo zile zinazoanza na nukta. Ikikutolea mistari ya "Operation not permitted" kwenye Mac, usiipuuze. Maana yake ni kwamba terminali haina ruhusa ya kuingia humo, na yawezekana kisafishaji nacho hakina.

Jambo moja dogo la namba: Finder kwenye Mac inahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows na `df -h` zinatumia 1,073,741,824. Diski ya GB 500 inaonekana kama 465 kwenye Windows. Tofauti ya asilimia saba hivi kati ya programu mbili si hitilafu.

Hatua ya 2: Imesema imefuta, lakini nafasi haijarudi

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa tutakaa kidogo. Pitia sababu zifuatazo kwa mpangilio huu, maana zile za mwanzo ni rahisi kuzimaliza.

*Mafaili yako kwenye pipa la taka.* Visafishaji vingi vya heshima havifuti moja kwa moja. Vinahamishia kwenye Trash ili uweze kujirudi. Ni tabia nzuri, ila nafasi haitarudi mpaka umwage pipa. Kwenye Ubuntu liko `~/.local/share/Trash`, kwenye Mac `~/.Trash`.

*Faili limefutwa lakini kuna programu imelishikilia.* Kwenye Linux na Mac, kufuta faili ni kuondoa jina lake kwenye folda. Kama kuna programu bado imelifungua, data inabaki kwenye diski mpaka programu hiyo ilifunge. `du` hailioni tena kwa sababu halina jina, `df` bado inalihesabu. Kila unapoona `df` na `du` zinapishana sana, anza kushuku hapa:

```
sudo lsof +L1
```

Amri hii inaorodhesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo hayana jina tena. Kwenye mstari utaona jina la programu, namba yake ya mchakato na ukubwa wa faili. Mara nyingi utakuta seva ya majaribio uliyoiacha ikiendelea, faili la logi lililonenepa, au dimoni ya Gradle, yaani mchakato wake unaobaki ukiendelea chinichini. Dimoni ya Gradle hukaa hai saa 3 bila kazi kabla ya kujizima yenyewe, usiisubiri, isimamishe:

```
./gradlew --stop
```

Ukishaizima programu inayoshikilia, pima tena kwa `df`. Kama ni logi ya huduma ambayo huwezi kuizima sasa hivi, wakati mwingine usilifute faili. Limwage likiwa palepale kwa `: > jina-la-faili`.

*Mac: snapshoti za Time Machine.* Tangu APFS, mfumo wa mafaili wa Apple, ilipokuja na High Sierra mwaka 2017, Mac inaweza kuhifadhi hali ya diski kwa wakati fulani. Kama umewasha Time Machine, mfumo huchukua snapshoti kila saa na kuzitunza hadi saa 24 hivi. Ukifuta `DerivedData` yenye GB 20 saa nne asubuhi, snapshoti ya saa tatu bado inayakumbuka mafaili yale, kwa hiyo nafasi inabaki imeshikwa. Ziangalie:

```
tmutil listlocalsnapshots /
```

Utapata majina yenye tarehe na saa. Kwa kawaida huhitaji kufanya lolote: mfumo huzifuta zenyewe nafasi inapohitajika, na Finder huihesabu nafasi hiyo kama tayari ipo. `df` haiihesabu. Ndiyo maana kisafishaji na terminali vinaweza kutofautiana kwa makumi ya gigabaiti na vyote viwe sahihi. Lakini kama unahitaji nafasi sasa hivi, tuseme Xcode inakataa kujisasisha, futa snapshoti kwa kutumia tarehe uliyoiona:

```
sudo tmutil deletelocalsnapshots 2025-03-14-091502
```

Hakikisha kwanza kwamba nakala yako ya Time Machine kwenye diski ya nje ni ya karibuni.

*pnpm: faili moja, miradi kumi.* Anayetumia pnpm ataona kisafishaji kikimhesabia `node_modules` za miradi kumi, kila moja na mamia ya megabaiti. Anazifuta zote anapata nafasi kiduchu. Sababu ni kwamba pnpm haikopi vifurushi kila mradi. Inaviweka kwenye stoo moja na kuviunganisha na miradi, kwa hiyo data ni ileile yenye majina mengi. Ukifuta majina kumi, stoo bado inayo la kumi na moja. Baada ya kufuta miradi usiyoihitaji tena, amri hii huondoa kwenye stoo vifurushi visivyotumiwa na mradi wowote:

```
pnpm store prune
```

*Docker.* Huyu ana sura yake peke yake. Anza kwa kumuuliza mwenyewe:

```
docker system df
```

Utaona imeji (vifurushi vya programu), kontena (zinazoanzishwa kutoka kwenye imeji), volyumu (hifadhi za data za kontena) na kashe ya ujenzi, na safu ya "RECLAIMABLE" inayosema kiasi gani kinaweza kurudi. Docker lazima iwe imewashwa. Visafishaji vingi huita amri hizihizi kwa ndani, na Docker ikiwa imezimwa hushindwa kimyakimya na kuonyesha sifuri.

Anza na `docker builder prune`, ambayo huondoa kashe ya ujenzi. Kisha `docker image prune` kwa imeji zisizo na jina. Ukiongeza `-a` unafuta kila imeji isiyotumiwa na kontena yoyote, na kesho utaipakua upya yote, kumbuka bando. Volyumu usiziguse kabla ya kuendesha `docker volume ls` na kujua kila moja ni ya nini, maana hifadhidata yako ya Postgres ya majaribio huenda inaishi humo, na hakuna amri ya kuirudisha.

Kwenye Mac, Docker Desktop inaweka kila kitu ndani ya faili moja linaloitwa `Docker.raw`. `ls -lh` itakuonyesha ukubwa wa juu kabisa unaoruhusiwa, pengine GB 64 au zaidi, na visafishaji visivyo makini husoma namba hiyo na kukutisha. Ukubwa wa kweli unaonyeshwa na `du -h` kwenye faili hilohilo.

Kwenye Windows hali ni tofauti. Docker na Ubuntu ya WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) hukaa ndani ya faili la `.vhdx`, diski pepe ambayo ni faili, ambalo hukua lenyewe lakini kwa kawaida halipungui lenyewe. Unaweza kufuta GB 40 ndani ya Linux na diski C isisogee hata kidogo. Funga Docker Desktop, kisha kwenye PowerShell ya msimamizi:

```
wsl --shutdown
diskpart
```

Ndani ya diskpart, ukiweka njia halisi ya faili lako la `.vhdx` (litafute chini ya `AppData\Local`):

```
select vdisk file="C:\njia\ya\faili.vhdx"
attach vdisk readonly
compact vdisk
detach vdisk
exit
```

Kazi ya `compact` inaweza kuchukua muda. Usizime mashine katikati, na kama umeme wa eneo lako hauaminiki, hakikisha betri imejaa.

Hatua ya 3: Inagoma kufuta

Kwenye Mac, tangu Mojave ya 2018, programu haiwezi kuingia baadhi ya folda bila ruhusa yako. Nenda System Settings, kisha Privacy & Security, kisha Full Disk Access, uwashe kisafishaji. Kifunge kabisa na kukifungua upya. Ruhusa haishiki kwenye programu ambayo tayari inaendelea. Kama kimeshawashwa na bado kinagoma, hasa baada ya kusasishwa, kiondoe kwenye orodha kwa alama ya kutoa na ukiongeze tena.

Kwenye Linux na Mac kuna mgomo mwingine unaowashangaza watumiaji wa Go. Moduli zinazopakuliwa na Go huandikwa kama mafaili ya kusoma tu, makusudi, ili mtu asizibadilishe kwa bahati mbaya. Kisafishaji kikijaribu kuzifuta kinapata "Permission denied" hata kama mafaili ni yako. Usiende kubadilisha ruhusa kwa mkono. Go ina amri yake:

```
go clean -modcache
```

Ila hizo ni zile zilizopakuliwa. Kama unatafuta nafasi tu, `go clean -cache` hufuta matokeo ya ujenzi na kuacha moduli.

Sababu ya tatu ni Docker tena: kontena inayoendeshwa kama root (mtumiaji mkuu wa mfumo) ikiandika ndani ya folda ya mradi wako, mafaili yanakuwa ya root. `ls -l` itakuonyesha. Rudisha umiliki kwa folda hiyo tu:

```
sudo chown -R "$USER" dist
```

Usiendeshe kisafishaji kizima kwa `sudo` ili kukwepa tatizo. Kikiwa root kinaweza kutafuta kashe nyumbani kwa root badala ya kwako, na mafaili mapya kitakayoyaandika yatakuwa ya root, halafu npm ianze kulalamika EACCES (kosa la kukosa ruhusa) kila unapoinstoli kitu.

Windows hugoma mara nyingi kwa sababu mbili. Ya kwanza, faili linatumika: funga VS Code, terminali zote na seva ya majaribio. Ya pili, njia ndefu. Kikomo cha zamani cha herufi 260 bado kinaziuma programu nyingi, na `node_modules` iliyopandana inakivuka kwa urahisi. Kama Node imeshainstoliwa, `npx rimraf node_modules` ukiwa ndani ya folda ya mradi kwa kawaida humaliza kazi hiyo.

Hatua ya 4: Inasema hakuna cha kusafisha

Wakati `du` inakuonyesha GB 60, kisafishaji kinaona megabaiti chache. Kwanza uliza kilivyoinstoliwa. Kwenye Ubuntu, programu iliyotoka Snap na kupewa ruhusa ya kawaida ya folda ya nyumbani haioni folda zinazoanza na nukta, na kashe za wasanidi karibu zote ziko humo: `~/.npm`, `~/.gradle`, `~/.cache`. Flatpak nayo hufungia programu kwa namna yake. Tafuta toleo la `.deb` la programu hiyohiyo.

Pili, huenda kashe ilihamishwa. Wengi huhamishia diski ya nje kwa `GRADLE_USER_HOME` au `CARGO_HOME` kisha wakasahau. Usikisie, ziulize zana zenyewe ziko wapi:

```
npm config get cache
pnpm store path
pip cache dir
go env GOMODCACHE
```

Njia utakazopewa ziongeze kwenye mipangilio ya kisafishaji kwa mkono, kama kinaruhusu.

Kwa simuleta za iOS, visafishaji vingine huona vifaa lakini havioni matoleo ya mfumo yaliyo chini yake, ambayo kila moja ni gigabaiti kadhaa. Tumia zana za Xcode:

```
xcrun simctl delete unavailable
xcrun simctl runtime list
```

Ya kwanza ni salama: inafuta vifaa ambavyo Xcode uliyonayo haiwezi tena kuviendesha. Ya pili inaorodhesha matoleo. Ukiona iOS usiyoijaribia tena, liondoe kwa `xcrun simctl runtime delete` ikifuatwa na kitambulisho chake.

Hatua ya 5: Nafasi ipo, mfumo unasema imejaa

"No space left on device" huku `df -h` ikionyesha GB 15 zimebaki. Jaribu `df -i`. Kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, idadi ya mafaili ina kikomo kinachopangwa diski inapoumbizwa, na kila faili, hata la baiti tano, linachukua nafasi moja kwenye idadi hiyo. Miradi mingi ya JavaScript kwenye seva ndogo inaweza kukimaliza kikomo hicho diski ikiwa nusu tupu. Kisafishaji kinachopanga kwa ukubwa wa mafaili hakitakusaidia hapa. Unachotafuta ni folda zenye mafaili mengi, na `node_modules` za miradi iliyolala ndizo za kwanza kuondoka. Pia ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hufika ukutani kabla ya diski kujaa kweli.

Hatua ya 6: Mradi umevunjika baada ya kusafisha

Tulia kwanza, usianze kuinstoli kila kitu upya. Kama kilichofutwa ni `node_modules` na `~/.npm` bado ipo, endesha:

```
npm ci --prefer-offline
```

npm itachukua kwenye kashe ya ndani kila inachokipata, na kwenda mtandaoni kwa kilichokosekana tu. Gradle ina `--offline`, vivyo hivyo Cargo. Hapa ndipo utaona faida ya kutenganisha kilichojengwa na kilichopakuliwa: mradi unarudi na bando halijaguswa.

Kama hata kashe imeondoka, angalia pipa la taka kabla ya kuwasha data. Na kama lazima upakue, fanya kwa miradi unayoihitaji leo, si yote kwa pamoja.

Kuna vitu ambavyo havirudi kwa kupakua wala kujenga, na visafishaji vingine huviorodhesha pamoja na takataka. `Archives` za Xcode zina mafaili ya dSYM, ambayo bila hayo ripoti za kuanguka kwa toleo lililo mikononi mwa watumiaji hazisomeki. `~/.android/avd` ina emuleta pamoja na data ulizoziweka ndani. Na kitufe cha "ondoa mafaili yasiyo kwenye Git" kinaweza kubeba `.env` yako yenye funguo za siri. Kabla ya kukubali, ona orodha:

```
git clean -ndX
```

Herufi `n` inahakikisha hakuna kinachofutwa. Inaonyesha tu kila kilichomo kwenye `.gitignore` ambacho kingeondoka. Ukiona `.env`, `local.properties` au faili la `.keystore` kwenye orodha, toa nakala kwanza mahali salama. Keystore ya Android hasa: kama unajisainia mwenyewe bila Play App Signing, ukiipoteza huwezi tena kutoa sasisho la programu ileile.

Hatua ya 7: Imeganda, au kosa ni lake kweli

Kupekua maelfu kwa maelfu ya mafaili madogo kunachukua muda, hasa kwenye diski za zamani za kuzunguka na kwenye Windows yenye kinga-virusi inayokagua kila faili. Kama baa haisogei kwa muda mrefu, kwenye Mac au Linux tafuta namba ya mchakato kwa `pgrep`, kisha `lsof -p` na namba hiyo. Ukirudia mara mbili tatu na kuona folda ileile, ndipo ilipokwama. Mara nyingi ni diski ya mtandao au kiungo kinachorudi kwenye folda iliyotangulia. Iondoe folda hiyo kwenye upekuzi.

Ukishapita hatua zote na tatizo limebaki, waandikie walioitengeneza. Wape toleo la programu, toleo la mfumo, aina ya mfumo wa mafaili (`df -T` kwenye Linux, `diskutil info /` kwenye Mac), matokeo ya `df -h` kabla na baada, na logi. Isome logi kabla ya kuituma: njia za mafaili huwa na jina lako la mtumiaji na majina ya miradi ya wateja, na hayo badilisha.